Mizani Imeshuka, Kioo Kinakataa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja: mtu anapunguza uzito, anautazama mwili wake, na anachokiona hakifanani na alichokitarajia. Maswali ya chakula na vipimo yamejibiwa na mtaalamu wetu wa lishe. Ya ngozi, nywele na dawa yamejibiwa na daktari.

Kilo tano zimekwenda, mbona hakuna anayeona?

*Habari za kazi. Nina miaka 36, urefu sentimita 163. Nilianza na kilo 92, sasa wiki ya sita nina 87. Nguo ni zilezile, kwenye kioo naona mtu yuleyule, na mume wangu hajasema lolote. Je, mizani inanidanganya?* (Msomaji, Morogoro)

Haikudanganyi dada, ila haikuambii yote. Katika hizo kilo tano, moja au hata mbili za mwanzo huenda zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza ugali, wali na sukari, akiba inatumika, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ndiyo maana wiki ya kwanza humfurahisha kila mtu na ya tatu humvunja moyo.

Hata tukikubali kwamba zote tano ni mafuta, piga hesabu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kilo tano ni kama lita tano na nusu, zaidi kidogo ya lile dumu la mafuta ya kupikia la lita tano. Si haba! Lakini ngozi ya mtu wa kimo na uzito wako ina eneo la karibu mita mbili za mraba. Ukiyatandaza mafuta hayo mwili mzima unapata unene usiofika milimita tatu. Mtu anayekuona kila siku hawezi kuona hilo, na mumeo hana kosa.

Bila shaka mwili haupungui kwa usawa namna hiyo. Mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, katikati ya matumbo na kwenye ini, huwahi kuondoka, na hayo huwezi kuyafinya kwa vidole wala kuyaona. Ya mapaja na makalio, hasa kwa wanawake, huondoka mwisho kwa sababu chembe zake ni nzito kuitikia homoni zinazoamuru mafuta yatoke. Kwa hiyo sketi inaweza kukubana palepale kwenye nyonga huku ini lako limeshapumua. Kuhusu uso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliona kwamba mtu wa kimo cha kawaida anahitaji kubadilika kwa kilo tatu na nusu hadi nne hivi ndipo wengine waanze kuliona badiliko usoni mwake. Wewe ukitoa yale maji ya mwanzo, ndiyo kwanza unaufikia mstari huo.

Acha kioo, chukua futi ya fundi cherehani. Kwanza ilinganishe na rula, maana futi ya kitambaa iliyotumika miaka mingi hutanuka. Pima asubuhi, umeshakwenda chooni na hujala, bila nguo kiunoni. Simama wima, miguu imeachana kidogo. Papasa ubavuni hadi upate ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Weka alama ya kalamu katikati ya hivyo viwili. Futi ipite juu ya alama, iwe sambamba na sakafu hata mgongoni (hapa ndipo wengi wanakosea, nyuma inapanda bila wao kujua), ikugusie bila kuzama kwenye ngozi. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, soma. Rudia; vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, pima tena. Kisha pima nyonga mahali palipo panene zaidi, na paja katikati ya kinena na goti. Andika. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili, si kila siku.

Kwa kawaida kiuno hupungua karibu sentimita moja kwa kila kilo ya mafuta, ingawa watu hutofautiana. Lengo la kiafya kwa mwanamke ni kiuno chini ya sentimita 80, na kuanzia 88 hatari ya kisukari na moyo huwa kubwa. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Njia rahisi zaidi ni uzi: ukate sawa na urefu wako, ukunje katikati ubaki nusu, uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, bado kuna kazi.

Msomaji mmoja wa Tanga aliuliza kama shanga zinaweza kuwa kipimo. Zinaweza, tena kizuri, mradi zimetungwa kwenye uzi usiovutika. Shanga zilizokaa juu ya kitovu zikianza kuteremka zenyewe hadi kwenye nyonga, kiuno kimepungua. Zilizotungwa kwenye lastiki hazina ushahidi wowote.

Jambo la mwisho kwako: uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila mafuta kuhusika. Chumvi nyingi jana, siku zinazokaribia hedhi, choo kigumu, mazoezi mapya yaliyoumiza misuli, vyote hivi hushika maji. Na ile mizani ya barabarani unayopimiwa kwa shilingi chache ikikaa juu ya udongo au zulia inakosea. Tumia mizani moja, sakafu ngumu, asubuhi ileile ya wiki.

Weusi wa shingoni

*Mimi ni mwanamume wa miaka 41, kilo 108. Nyuma ya shingo na kwapani ngozi imekuwa nyeusi sana na nene. Nasugua kwa dodoki na limau kila siku, haitoki. Nimeanza kupunguza uzito. Itaondoka?* (Msomaji, Mombasa)

Ndugu, weka dodoki chini leo hii. Huo si uchafu. Kwa maelezo yako (nyeusi, nene, tena sehemu za mikunjo, na huenda ukiigusa ni kama mahameli) inaelekea ni hali ambayo madaktari huiita akanthosisi nigrikansi. Chanzo chake cha kawaida ni insulini nyingi mwilini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Mtu mwenye mafuta mengi tumboni, seli zake hazisikii insulini vizuri. Kongosho linaongeza kuitoa. Na insulini hiyo ya ziada inachochea seli za ngozi zizaliane upesi kuliko kawaida. Mara nyingi huambatana na vinyama vidogo laini vinavyoning'inia shingoni na kwapani.

Kusugua kunazidisha. Ngozi inayokwaruzwa kila siku hujilinda kwa kunenepa na kuongeza rangi, na juisi ya limau ikipigwa na jua inaunguza na kuacha mabaka meusi zaidi ya yale ya mwanzo. Krimu za kujichubua na mikorogo ndiyo balaa: nyingine zina zebaki, nyingine steroidi kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na kupasuka.

Kabla ya yote, kapime sukari. Asubuhi bila kula, kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni cha kisukari, na kitarudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani. Omba pia kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kile cha HbA1c, ambacho kuanzia asilimia 6.5 huhesabiwa kisukari. Watu wengi waligundua kisukari chao kwa kuanzia shingoni.

Uzito ukishuka, ngozi hiyo huitikia, lakini kwa mpangilio wake. Kwanza ule ukwaru na unene hulainika, unausikia kwa kidole kabla ya kuuona kwa jicho. Rangi hufuata polepole, kwa miezi. Ikichelewa, daktari wa ngozi anaweza kukuandikia krimu ya kulainisha ngozi hiyo. Vile vinyama havidondoki vyenyewe; vinakatwa kliniki kwa dakika chache. Usivifunge uzi nyumbani, vinapata vidonda.

Tahadhari moja kwa wasomaji wengine: weusi wa aina hii ukijitokeza ghafla kwa mtu mzima asiye mnene, hasa ukipanda hadi viganjani au midomoni, huku anakonda bila kutaka, asingoje. Mara chache huwa ni ishara ya saratani ya tumbo.

Nywele zinajaa kwenye kitana

*Nimetoka kilo 84 hadi 70 kwa miezi miwili. Nakula mlo mmoja, asubuhi chai ya rangi tu. Nilifurahi mpaka nywele zilipoanza kudondoka kwa mafungu.* (Mama wa watoto wawili, Mwanza)

Mama, kilo 14 kwa wiki nane ni karibu kilo moja na robo tatu kwa wiki. Mwendo unaovumilika ni nusu kilo hadi moja. Mwili ukinyimwa chakula kwa kasi hiyo huamua nywele zingoje: nyingi huacha kukua kwa pamoja, hupumzika, kisha hudondoka miezi miwili hadi mitatu baadaye. Kwa hiyo unachokiona leo ni matokeo ya wiki zako za mwanzo, na hata ukirekebisha chakula kesho, utaendelea kuona nywele kwenye kitana kwa muda. Usitishike na hilo. Mizizi haijafa, kwa kawaida huacha kudondoka ndani ya miezi sita na nyingine huota.

Hakikisha kwanza ni aina hiyo. Inapaswa kuwa imepungua kichwa kizima, na mzizi wa unywele uliodondoka una kidonge cheupe kidogo. Ikiwa inaisha kwenye paji na juu ya masikio tu, mtuhumiwa ni msuko unaobana. Ikiwa ni viduara vyenye magamba ni mapunye, na viduara laini visivyo na kitu ni ugonjwa mwingine. Vyote viwili vinahitaji daktari.

Sasa chakula. Kwa kilo 70 unahitaji protini ya gramu 84 hivi kwa siku, yaani gramu 1.2 kwa kila kilo. Yai moja lina sita. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Kipande cha samaki au kuku kilichopikwa cha gramu 100 kina 22 au zaidi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina nane. Ukijumlisha mwenyewe utaona kwamba mlo mmoja kwa siku hauwezi kufika, labda ule kama askari. Gawa mara tatu. Pima damu na akiba ya madini ya chuma, maana wanawake wengi wanaopata hedhi huanza diet akiba ikiwa tayari imekwisha. Na ile chai ya rangi iache saa moja mbali na chakula, kwa sababu inazuia chuma cha kwenye mboga na maharage kufyonzwa. Vidonge vya biotini (aina ya vitamini B) vinavyouzwa kwa bei ya kutisha havitakusaidia kama hauna upungufu wa biotini, na upungufu huo ni nadra.

Kasi hiyo ina hatari nyingine isiyoonekana kwa macho: mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ukipata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula vyakula vya mafuta, yakadumu zaidi ya nusu saa, nenda hospitali.

"Umekonda, unaumwa nini?"

*Nilikuwa na kilo 101, sasa 82, imenichukua miezi kumi. Najisikia vizuri, lakini mashavu yameingia ndani na mitulinga imetokeza. Kazini wananong'ona. Wengine wamefika nyumbani kwa mama kuuliza kama nimepata "ule ugonjwa".* (Kijana, Nairobi)

Kaka, chini ya nusu kilo kwa wiki kwa miezi kumi, ukijua sababu yake, ni kazi safi. Kilichokuponza ni uso. Safu ya mafuta ya mashavuni ni nyembamba tangu awali, ikipungua kidogo mfupa unajitokeza, na kwetu shavu lililojaa bado linasomwa kama afya na mfuko uliotuna. Hilo ni tatizo lao. Ukitaka kupima VVU, pima kwa ajili ya kujua hali yako, si kwa ajili ya kuwafunga watu midomo, hawatafungwa.

Swali la maana ni hili: je, unajua kwa nini umepungua? Anayepungua kwa kukusudia huweza kutaja alichobadilisha. Ambaye hajabadilisha kitu, na amepoteza zaidi ya asilimia tano ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili (kwa mtu wa kilo 80 ni kilo nne), aende akachunguzwe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku: kifua kikuu. Kiu, kukojoa sana na njaa: kisukari. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, joto lisiloisha: tezi ya shingo. Kumeza kwa shida, damu kwenye choo, uvimbe: saratani iangaliwe mapema.

Kwako wewe tunaangalia misuli. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano upesi. Kama jambo hilo limekuwa gumu kuliko mwaka jana, au ndoo ya lita 20 uliyoibeba kwa mkono mmoja sasa inahitaji mapumziko, umepoteza nyama pamoja na mafuta. Dawa yake ni mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kuvuta kitu kizito. Ongeza uzito au idadi kila wiki. Kukimbia peke yake hakulindi misuli ya mabega, na mabega yakijaa, uso mwembamba hauonekani tena kama wa mgonjwa.

Tumbo linaning'inia

*Nimepungua kilo 20 baada ya uzazi wa tatu. Mikono na miguu imependeza, lakini tumbo la chini linaning'inia kama mfuko. Nimefunga mkaja, nimekunywa sanamaki. Nifanye nini zaidi?* (Msomaji, Zanzibar)

Dada, sanamaki iache. Inaharakisha utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachokitoa ni choo na maji, na pamoja navyo madini ya potasiamu, ambayo yakishuka sana misuli inalegea na moyo unapiga ovyo. Tumbo huwa dogo asubuhi moja, jioni limerudi. Mkaja nao una kazi yake, unamshika mzazi mgongo na tumbo siku za mwanzo. Kuyeyusha mafuta hauwezi. Jasho lililo chini yake ni maji tu.

Tumbo kama hilo lina vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina dawa yake. Simama, finya mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada. Ukipata ngozi nyembamba kama ya kiwiko, hiyo ni ngozi iliyobaki. Ukipata mkunjo mnene wa zaidi ya sentimita mbili au tatu, bado kuna mafuta, endelea. Kisha lala chali, magoti yamekunjwa, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa. Ukihisi bonde linalomeza vidole zaidi ya viwili, misuli ya mbele iliachana wakati wa mimba. Hapo usikimbilie mazoezi ya kukaa na kulala, yanaweza kulisukuma tumbo nje. Tafuta mtaalamu wa tiba ya viungo akufundishe kuvuta tumbo la ndani huku unatoa pumzi. Uvimbe mgumu wa kitovu unaouma na usiorudi ndani ukiusukuma ni ngiri iliyobanwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ngozi hujikaza yenyewe kidogo kidogo hata mwaka mmoja hadi miwili baada ya uzito kutulia. Kinachoamua ni umri, miaka uliyokaa na uzito ule, kilo ulizopoteza, jua na sigara. Krimu haifiki mahali nyuzi za ndani ya ngozi zilipokatikia. Anayetaka upasuaji asubiri uzito utulie angalau miezi sita na awe amemaliza kuzaa. Kwa sasa, kausha vizuri chini ya mkunjo kila ukioga. Panapobaki na unyevu joto la Unguja huleta fangasi.

Kwa ufupi

*Michirizi itafutika?* Haifutiki, inafifia. Ile myekundu au ya zambarau ni mipya, hupauka kwa miezi. *Pete na viatu vimelegea?* Kawaida, vidole na nyayo zina mafuta na maji pia. Pete ya ndoa ipeleke kwa sonara uzito ukishatulia, si kabla. *Nasikia baridi jioni.* Safu ya mafuta imepungua na mwili umepunguza moto wake. Ikizidi, huenda unakula kidogo mno. *Hedhi imesimama.* Pima mimba kwanza. Ikiwa hakuna, huenda unakula kidogo mno, ongeza chakula na umwone daktari.

Kizunguzungu baada ya tumbo kupungua

*Shikamooni. Nina miaka 63, natumia dawa za presha na glibenklamidi ya kisukari. Natembea saa moja kila asubuhi, nimepungua kilo tisa, mkanda umeingia matundu matatu. Sasa nikisimama naona giza.* (Mzee, Dodoma)

Marahaba hatuwezi kuitika, mzee wetu, shikamoo wewe. Dozi zako zilipangwa kwa mtu aliyekuwa mzito kwa kilo tisa. Mwili huu mpya unahitaji dawa kidogo, na dawa ileile sasa inaweza kuishusha presha na sukari kupita kiasi. Usiziache mwenyewe, nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi, na uende na daftari la vipimo.

Presha ipimwe ukiwa umelala dakika tano, kisha umesimama dakika moja, kisha dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari ana sababu ya kupunguza dawa. Sukari ipime kabla ya kutembea na mara usikiapo jasho la baridi, kutetemeka au giza hilo. Ikiwa chini ya milimoli 4.0 kwa lita, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, pima tena baada ya dakika 15, na urudie kama haijapanda. Ikishapanda, kula kitu kama ndizi na maziwa, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi na inaweza kuishusha tena mchana. Beba sukari hiyo mfukoni unapotembea, na mwambie mtu wa nyumbani unapita njia gani.